Riziki ya Kufunza Mbwa Mbumbuni

Hakuna mtu wa Mbumbuni atakayekupigia simu umfundishie mbwa wake kukaa na kutoa mkono. Hilo litoe akilini mapema, hasa kama kazi hii uliipendea kwenye video za watu wanaotembea na mbwa wao kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Atakayekupigia ni mama ambaye mbwa wake amekula vifaranga wanane wa jirani, na jirani ameshataja neno sumu. Ni mwendeshaji bodaboda aliyeanguka mara mbili mahali pamoja kwa sababu ya mbwa mmoja. Ni mwalimu mstaafu aliyerudi nyumbani kutoka Nairobi na German Shepherd wa pesa nyingi, anayembwekea mwenyewe mchana kutwa kisha analala fofofo wezi wa maembe wakiingia. Hawa wote hawasumbuliwi na mbwa asiyejua kukaa. Wana ugomvi mkononi, au wanauona ukija.

Kwa hiyo unachouza si “kaa” wala “njoo”. Unauza usingizi wa mwenye boma na maelewano yake na boma la pili. Nimewaona vijana waliomfunza mbwa vizuri kabisa wakakosa mteja wa pili, kwa kuwa kuku wa jirani waliendelea kufa.

Mbwa utakaowakuta

Makueni, ilimo Mbumbuni, ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Miaka hiyohiyo ya tisini, watafiti wa mifugo waliochunguza mbwa wa Machakos walikuta wengi wao hawafungwi kabisa, usiku wala mchana. Pita Mbumbuni asubuhi uone kama kuna kilichobadilika. Mbwa wako mbele ya bucha, wako njiani, wako porini nyuma ya watoto wanaochunga mbuzi. Kila mmoja ana mwenyewe na ana jina, ila hana lango. Jina lenyewe ni Simba. Siku moja niliitwa maboma manne na kote nikatambulishwa kwa Simba. Wa tano alikuwa Chui, nikashukuru.

Mbwa wa kienyeji usimdharau. Kwa kulinda boma la huku chini ya vilima vya Mbooni, mimi namweka mbele ya German Shepherd bila kusita. Hali chakula kingi, usingizi wake ni mwepesi, manyoya yake ni mafupi, na jua la saa sita halimlazi ulimi nje kama yule wa kutoka nchi za baridi. Kupe wa hapa, wanaoeneza magonjwa ya damu, humwangusha mbwa wa kuletwa upesi kuliko huyu aliyezaliwa miongoni mwao. Mteja akikuomba ushauri kabla hajanunua, mwambie hivyo, hata kama atakuona huna maendeleo.

Upungufu wa mbwa wetu uko kwingine: hakuna aliyemwonyesha kwamba mkono wa mtu unaweza kumshika bila kumpiga. Mtoto wa mbwa huizoea dunia kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14 hivi. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walilieleza jambo hilo kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1965, baada ya miaka mingi ya kulea mbwa na kuwatazama. Asichokiona katika wiki hizo hukiogopa ukubwani, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Hapa kwetu wiki hizo hupitia chini ya ghala, na mgeni pekee anayefika ni mtoto mwenye jiwe.

Ndiyo maana ukiwa na huduma moja tu ya kuuza, uza ya watoto wa mbwa. Nenda wakiwa na wiki saba au nane. Waonyeshe kuku, mbuzi, pikipiki inayonguruma kwa mbali, mzee mwenye bakora, mtu aliyevaa koti la mvua, mama aliyebeba kuni mgongoni. Kila kitu kije na kipande cha nyama. Ziara tatu zinatosha, na utakuwa umezuia kesi ambayo miaka miwili baadaye ingetatuliwa barazani kwa chifu.

Ziara ya kwanza

Acha nyama nyumbani siku hiyo. Beba kalamu na daftari.

Usianze na mbwa. Salimia wazee, keti unapoonyeshwa, kunywa chai, halafu uliza. Nani humlisha? Hula saa ngapi, na nini? Hulala wapi? Amechanjwa lini? Tabia hii ilianza lini, polepole au ghafla? Nani amelalamika? Swali la mwisho ndilo la pesa, na jibu lake litakupeleka kwa jirani. Nenda kwake pia, ukiwa na ruhusa ya mwenye mbwa, umsikilize bila kutetea upande wowote. Mara nyingine utagundua mbwa aliyekula vifaranga ni wa boma la tatu kabisa.

Utagundua na jingine. Anayelipa na anayeishi na mbwa mara nyingi ni watu wawili. Mwana yuko Nairobi au Athi River, anatuma kwa M-Pesa. Mbwa yuko na susu, nyanya mwenye magoti yanayouma. Mwana atakueleza kwa simu anavyotaka mbwa mkali kama wa polisi. Mwitikie kwa heshima, halafu panga kila zoezi kwa kipimo cha susu. Kama haliwezekani kwa mama wa miaka sabini aliyesimama mlangoni na kopo mkononi, halifai boma hilo. Msomeshe yeye, na mjukuu aliye karibu. Wewe utaondoka baada ya wiki tatu. Wao ndio watakaobaki na mbwa.

Maneno na wakati wake

Mbwa hajui lugha. Anajua sauti na kinachofuata sauti. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyelipa jambo hili jina kubwa duniani. Ila kila susu wa Ukambani analijua: kwangua sufuria kwa mwiko, uone kama ngiti, yaani mbwa, hatatokea hata kama alikuwa mtoni.

Chagua basi maneno ambayo nyumba hiyo huyatumia, lakini yasifanane. Kwa Kikamba njoo ni “uka”, na acha ni “eka”. Masikioni mwa mtu ni maneno mawili. Masikioni mwa mbwa aliye mbali na mwenye haraka ni neno moja, kwa sababu anachokipata ni ule mwisho mkali wa “ka”. Mimi hutumia “uka” kwa kumwita na “acha” kwa kumkataza. Kukaa ni “ikala”, linasikika vyema. Kumnyamazisha ni “tosha”. Usitumie “basi” wala “haya”. Maneno hayo hutamkwa mara mia kwa siku katika kila boma la Kenya, na mbwa akishasikia neno bila matokeo hulihesabu kuwa upepo.

Nyama ije ndani ya sekunde moja. Mbwa akikaa ukaanza kupekua mfuko, atakuwa amesimama tena wakati wa kulipwa, na utakuwa umemlipa kusimama. Kwa hiyo weka alama: piga ulimi, au bofya kalamu ile ya kubonyeza juu, kwa mlio uleule kila siku. Mlio maana yake ni “hilo ndilo, nyama inakuja”. Siku mbili za kwanza usifundishe kitu kingine: mlio, nyama, mlio, nyama, hadi akisikia mlio akutazame mkononi.

Nyama yenyewe ni matumbo ya bucha, yakichemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya muthokoi. Yachemshe vizuri. Viungo vibichi vya mbuzi na kondoo vinaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ambayo mbwa huipata, akaipitisha kwa watoto wa nyumba. Kuhusu kamba, nunua ya pamba au nailoni ya mita kumi na ukosi wa ngozi. Mkonge tunao mwingi, lakini shingoni unakata.

Fanya kazi mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na jasho lake dogo hutokea kwenye nyayo. Weka kiganja chako juu ya mchanga wa njia. Ukishindwa kukiacha hapo kwa hesabu ya saba, mbwa naye hawezi. Chunguza pia vichaka kabla ya kumwachilia kamba ndefu. Moma hajisogezi, na swila hutema machoni.

Kuhusu fimbo, sitakuhubiria. Nitakwambia ninachokiona. Mbwa aliyefunzwa kwa fimbo humtii mwenye fimbo mchana, lakini usiku, mwenyewe akitoka nje na kumwita, haji, kwa kuwa kuitwa na kupigwa vimekuwa kitu kimoja. Na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukimkuta mbwa anayetetemeka na kuonyesha meno kwa pamoja, angalia kwanza mkono wa anayemshika.

Kuku

Hii ndiyo kesi itakayokulisha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza shibe. Mbwa anayepewa makombo ya ugali mara moja, na siku nyingine asahaulike, hatafundishika mbele ya kifaranga. Mwambie mwenye nyumba hivyo, na akikataa kumlisha usichukue kazi. Pili, kufunga: mchana vifaranga wakiwa nje mbwa afungwe kivulini akiwa na maji, usiku kuku wakiwa ndani afunguliwe. Nusu ya kesi zangu ziliishia hapo, bila somo lolote. Sikurudisha pesa.

Akibaki na uchu, ndipo kazi inaanza. Weka kuku wawili ndani ya tenga. Msimamishe mbwa kwa kamba, mbali kiasi kwamba anawaona lakini bado anakubali nyama mkononi mwako. Akiikataa, uko karibu mno, rudi nyuma. Kila atakapoangalia kuku kisha akageuza kichwa kwako, piga ulimi, mpe. Usimwite. Mwache ageuke mwenyewe, maana unachotaka kukijenga ni uamuzi wake. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na kila siku hatua moja tu mbele. Siku atakapolala chini karibu na tenga akipiga miayo, mtoe kuku mmoja, amefungwa mguu, mbwa akiwa bado na kamba. Mwishoni kuku watembee huru, kamba ikiburuta chini. Hesabu wiki mbili hadi tatu.

Utakutana na dawa za kienyeji. Wako wanaomfungia mbwa shingoni kuku aliyekufa hadi aoze. Hupata mbwa anayenuka na asiyeelewa. Wako wanaomtia mdomoni yai la moto lililotoka jikoni. Ni ukatili, na mbwa huyo hujifunza kumkimbia mtu mwenye yai, siyo kuliacha yai. Kwa mbwa anayekula mayai, yaokoteni mapema. Ni hayo tu.

Na sema ukweli pale panapohitajika ukweli. Mbwa aliyekwisha kuua mara nyingi, tena akala, anaweza kudhibitiwa lakini usimwahidi mtu kwamba amepona. Ikiwa ameanza kuua mbuzi, kaa na mwenyewe mzungumze kama kuna boma lisilo na mifugo litakalomchukua.

Pikipiki

Mbwa hukimbiza bodaboda kwa sababu kila siku anashinda. Anabweka, pikipiki inaondoka. Hajui kwamba ingeondoka tu. Teke la mwendeshaji linamthibitishia kwamba vita ni vya kweli.

Nenda stejini, zungumza na waendeshaji wawili watatu, uwalipe muda wao. Mmoja aje polepole, asimame mbali, azime injini, adondoshe kipande cha nyama, aondoke akisukuma. Mbwa awe kwenye kamba. Siku inayofuata aje karibu zaidi, kisha injini ikiwa imewashwa, kisha akipita bila kusimama. Gharama ya waendeshaji iingize kwenye bei yako tangu mwanzo. Faida nyingine: stejini ndiko habari za kila boma hupita, na wakikufahamu hutahitaji bango.

Mlinzi wa usiku

Kenya nzima kuna vibao vya “Mbwa Kali” malangoni, na ni mzaha wa zamani kwamba mgeni mmoja alidhani Bwana Mbwa Kali ana nyumba nyingi. Wateja wako watataka mbwa wa kibao. Wewe wauzie mbwa wa kengele.

Mbwa wa kuuma ni silaha. Kumfunza kunahitaji vazi la kinga, msaidizi aliyefundishwa, uwanja uliozungushiwa ua, na mwenye mbwa atakayemshika kila siku maisha yake yote. Boma lisilo na lango halina hata kimoja. Akimuuma mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, mwenye mbwa anaweza kushtakiwa alipe fidia, na jina lako litatajwa. Kataa. Kataa pia wanaotaka umpe pilipili au umfungie gizani awe mkali. Anayetoka gizani huko hachagui wa kumuuma.

Mbwa wa kengele anajua mambo matatu: abweke mtu asiyemjua akiingia, anyamaze akiambiwa “tosha”, na asile chakula cha kutupwa. La kwanza huja lenyewe kwa mbwa wengi. La pili ndilo watu hulisahau, ilhali ndilo linalompa mbwa thamani, kwa sababu anayebweka usiku kucha huishia kutosikilizwa na yeyote. Panga na rafiki ambaye mbwa hajawahi kumwona. Aje saa mbili usiku, akwaruze ua, arudi mbio mbwa akibweka. Susu atoke, amsifu, aseme “tosha”, na akinyamaza hata kwa pumzi mbili, nyama. Rudieni usiku mwingine na mtu mwingine. Usitumie mtu mmoja mara nyingi, utakuwa umemfundisha kumchukia fulani. Na usitumie mtoto wa jirani hata siku moja.

La tatu ni gumu. Msimu wa maembe, ambao Makueni huanza mwishoni mwa mwaka na kuingia mwaka mpya, wezi hutupa nyama yenye dawa ya wadudu kabla ya kuingia shambani. Mfundishe mbwa kwamba chakula hutoka kwenye bakuli lake na baada ya neno lake. Tega vipande chini ya kopo lililotobolewa, avinuse asivipate; akiacha kukwangua na kukutazama, mpe kizuri zaidi kutoka mkononi. Halafu mlishe magharibi badala ya asubuhi, ili aingie zamu akiwa ameshiba. Hata hivyo usiape mbele ya mteja. Mbwa akianza kutoa mate mengi na kutetemeka, msipoteze muda na maziwa. Mkimbizeni kwa daktari wa mifugo.

Kuna kazi moja zaidi ya kukataa, nayo italetwa na watu unaowaheshimu: kumnoa mbwa wa kuwinda digidigi na sungura. Wakamba waliwinda kwa mishale na mbwa tangu zamani, na wazee wana hadithi tamu. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina meno makali kuliko mbwa yeyote.

Kichaa cha mbwa

Sasa uliza tena lile swali la daftarini: tabia ilianza lini? Mbwa mpole aliyebadilika ghafla ndani ya siku chache, anayeuma vijiti, anayeshindwa kumeza, anayechuruzika mate, ambaye taya limelegea au sauti imebadilika, si mwanafunzi wako. Usimguse, usimfunge, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Ondoa watu na umwite afisa wa mifugo. Makueni iliwekwa miongoni mwa kaunti za majaribio katika mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, unaoanzia mwaka 2014 hadi 2030, na haikuchaguliwa kwa uzuri wa maembe yake.

Wewe mwenyewe pata chanjo ya kinga kabla ya kuumwa. Ni gharama, lakini ndiyo zana ya kwanza ya kazi, kabla ya kamba. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umalize sindano zote ulizoandikiwa. Mbwa aliyeuma, kama yuko hai na anaweza kufungiwa salama, aangaliwe siku 10. Watu humuua upesi kwa hasira, na hapo hakuna tena wa kumwangalia.

Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Weka sharti kwa aliyefikisha umri huo: bila kadi ya chanjo, hakuna somo la pili. Usimchanje wewe, wala usimpe dawa. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari na wataalamu wasaidizi wa mifugo imewaachia kazi hiyo waliosajiliwa, na daktari wa mifugo unayemheshimu mipaka yake atakuletea wateja.

Pesa

Usitoze kwa saa. Susu hajui saa yako ina nini. Toza kwa tatizo, ziara sita, na uandike kwenye karatasi moja ya Kiswahili nini utafanya, nini wao watafanya kila siku, na nini huahidi. Fanya hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme boda kwenda na kurudi ni shilingi 300 na nyama ni 100: ziara sita ni shilingi 2,400 hata kabla hujalipwa jasho. Wengi wanaoanza hutoza hizo 2,400 wakidhani wamepata faida. Chukua nusu mbele kwa M-Pesa, nusu ziara ya nne, usingoje ya sita. Ukilipwa kwa debe la ndengu, pokea. Ndengu ina bei sokoni.

Mbumbuni peke yake haitakujaza wiki. Unganisha na Tawa, Kikima na Kalawa, uwe na siku maalumu kwa kila upande. Na uwe na shughuli ya pili mwaka wa kwanza. Kuku, labda, utawajua vizuri kuliko wengi.

Ukiona kazi imekuingia damuni na unataka kwenda mbali, milango ipo. Kikosi cha mbwa cha polisi kina makao Lang'ata, Nairobi, lakini huingii huko kama mkufunzi wa mtaani. Unaingia kwanza kama polisi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina mbwa wa kunusa pembe za ndovu na faru, na askari wake hufunzwa Manyani, kando ya barabara ya Mombasa. Wakfu wa African Wildlife Foundation umewafunza mbwa na washikaji wao karibu na Arusha, na baadhi yao walipelekwa bandari ya Mombasa. Kampuni za ulinzi huajiri washika mbwa. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka 2016, mlinzi anatakiwa awe amefunzwa na kusajiliwa. Ukufunzi wa mbwa wenyewe hauna bodi kama ya mawakili, kwa hiyo cheti chochote kinachouzwa kwa siku mbili kichunguze. Kwa kulinganisha, baraza moja la Marekani linalotahini wakufunzi hudai saa 300 za kazi kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wake. Anza kuziandika zako leo, tarehe na boma.

Ukipata kazi Mombasa au Lamu, jifunze adabu ya huko. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halimaanishi mbwa hana kazi: Kurani, katika sura ya Al-Maida, inaruhusu kula kilichokamatwa na mnyama aliyefunzwa kuwinda. Mteja wako atataka mlinzi, lakini si mbwa wa kumrukia kanzu. Mfunze kusimama mbali na kutolamba, na uvue nguo zako za kazi kabla ya kuingia sebuleni.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza utafute wateja hapa, na pa kuwapata wote kwa asubuhi moja ni kwenye kampeni ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na chanjo za umma mara nyingi hupangwa kuizunguka siku hiyo. Muulize afisa wa mifugo wa wadi ni lini na ni chini ya mti gani, ujitolee kushika mbwa bure. Utamwona kila Simba wa eneo hilo, anayeogopa na anayeuma, na mtu anayeishi naye. Fika mapema na kamba za ziada. Wengi huja na mbwa waliofungwa kwa mkonge, na mkonge hukatika.